Harufu mbaya nyumbani: ondoeni chanzo kabla ya kufukiza udi

Kila masika, malalamiko ya harufu mbaya majumbani huongezeka kwenye dawati letu la afya ya mazingira: kuta zinavuja, nguo hazikauki, chemba zinafurika. Mwaka huu wengi wanaofika wanasema wameshajaribu "njia za asili" walizotumiwa kwenye makundi ya WhatsApp, na zimeshindwa. Idara haina ugomvi na mchaichai wala karafuu. Ugomvi wetu ni utaratibu. Mtu ana panya aliyeoza darini, anafukiza ubani siku tatu, kisha anakuja kulalamika kwamba ubani wa siku hizi ni feki.

Tuanze na jambo linalotumalizia muda mwingi kuliko yote. Bomba la kutolea maji chini ya sinki, na lile la sakafuni bafuni, limepindwa makusudi ili maji kidogo yabaki kwenye mpindo na kuzuia hewa ya shimo la maji taka isipande ndani. Bafu la wageni lisipotumika kwa wiki kadhaa, maji hayo hukauka. Dawa yake ni ndoo moja ya maji. Tunaomba mfanye hivyo kabla ya kumwita afisa, maana tunaitwa nyumba baada ya nyumba kwa sababu ya ndoo hiyo moja. Kwa choo cha shimo, hakikisheni bomba la hewa limepita juu ya paa na lina wavu mdomoni, na mmwage majivu makavu mara kwa mara.

Chanzo kikishaondolewa, ndipo tuzungumzie dawa za jikoni. Hapa watu hutumia siki kwa kila kitu au bikaboneti kwa kila kitu, na hilo halifai. Harufu ya samaki na ya mkojo uliokaa ni za upande wa alkali, hivyo hutulizwa na tindikali: ndimu, limao, siki. Mnajua hili tangu zamani, ndiyo maana samaki hukamuliwa ndimu. Maziwa yaliyochacha na jasho lililokaa kwenye viatu ni za upande wa tindikali. Hizo hutulizwa na bikaboneti ya soda, ule unga mweupe wa kuokea. Bakuli dogo la unga huo kwenye friji linafaa, na ubadilishwe kila baada ya mwezi au zaidi kidogo. Kuchanganya siki na bikaboneti kwenye chupa moja ni kuharibu vyote viwili. Lile povu linalowafurahisha kwenye video ni dawa mbili zikiuana, na kinachobaki ni maji yenye chumvi chumvi.

Godoro lililokojolewa na mtoto: kaushieni kwa kitambaa, mpake siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, liache likauke, nyunyizeni bikaboneti usiku kucha, kisha mkung'ute na kulitoa juani. Jua msiliruke.

Kwa manukato yenyewe, chemsheni kwa moto mdogo maganda ya machungwa, mchaichai uliopondwa, karafuu kijiko kimoja na kipande cha mdalasini, sufuria ikiwa wazi. Msiiache peke yake, maji yakiisha mtanusa kitu kingine. Maji hayohayo yakipoa, yachujwe na kuwekwa kwenye chupa ya kupulizia. Hayana kihifadhi, kwa hiyo yawekwe friji na yamwagwe ndani ya wiki moja. Andikeni jina juu ya chupa. Chupa ya maji ya kunywa yenye kimiminika cha rangi ya chai ni mtego kwa mtoto. Vikuba, asmini na mrehani wa Pwani havihitaji maelekezo yetu.

Udi na ubani ni mila, hatuzigusi. Lakini moshi ni moshi, na kwa mwenye pumu haijalishi kama umetoka kwenye chetezo au kwenye kuni. Fungueni dirisha. Na kaa la moto lisiachwe chumba cha kulala kilichofungwa, hata kama ni vipande viwili vya chetezo. Mkaa unaowaka hutoa monoksidi ya kaboni, hewa yenye sumu isiyo na harufu wala rangi. Aliyelala haamki kujitetea.

Sasa harufu ambayo ni marufuku kuifunika. Nchi imeweka lengo la asilimia 80 ya Watanzania kutumia nishati safi ya kupikia ifikapo 2034, na mitungi ya gesi imeingia nyumba nyingi. Gesi ya mtungi kwa asili haina harufu ya kutambulika. Ule mnuko kama wa kitunguu kilichooza umewekwa makusudi ili mjue inavuja. Kuna wanaowasha udi kuuondoa! Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, hutanda chini sakafuni ikisubiri cheche. Fungeni valvu, fungueni milango, msiguse swichi ya taa, tokeni nje, kisha mpige 114 ya Zimamoto.

Vilevile, dawa ya kung'arishia nguo nyeupe isichanganywe kamwe na siki, ndimu wala dawa kali ya choo. Mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini, na bafu dogo hujaa upesi. Zile tembe nyeupe za kabatini za kufukuza nondo zisiwekwe kwenye nguo za mtoto mchanga: nyingi ni naftalini, na kwa mtoto mwenye upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda damu, huvunja chembe nyekundu za damu. Na kwa wanaoweka kitunguu kilichokatwa chumbani wakiamini huvuta vijidudu: hapana, hakivuti.

Wanaotaka kuuza marashi ya nyumba waanzie SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, kupata barua ya utambulisho, kisha wapeleke maombi na sampuli TBS, yaani Shirika la Viwango. Lebo ionyeshe jina la bidhaa, viambato, ujazo, tarehe ya kutengenezwa na ya kuisha muda, mtengenezaji na tahadhari.

Kama harufu inatoka kwa jirani, Sheria ya Afya ya Jamii ya 2009 inaitambua kero ya namna hiyo. Hatua ni hizi, na zifuatwe kwa mpangilio wake. Mlalamikaji anaripoti kwa mtendaji wa mtaa, afisa afya wa kata anakagua, mwenye nyumba anapewa notisi ya maandishi yenye muda wa kurekebisha, muda ukiisha ukaguzi unarudiwa. Asiyetekeleza anaweza kukiri kwa maandishi na kosa likafifilishwa, yaani likamalizwa bila kesi, kwa faini ya sheria ndogo za halmashauri yake, au afikishwe mahakamani. Faini hulipwa kwa kumbukumbu namba ya malipo ya Serikali, si mkononi mwa afisa, na risiti ni haki yenu. Mlalamikaji aje na jina la mtaa, namba ya nyumba na picha. Sampuli ya maji machafu kwenye chupa ya soda haihitajiki.