Kuni za Tukuyu: funika juu, pembeni acha wazi

Nasimamia kuni za boila katika kiwanda cha chai wilayani Rungwe, na kila masika majirani huniuliza: "Kuni nimezifunika vizuri, mbona zinafuka moshi tu?" Nikifika nakuta rundo limeviringishwa turubai kutoka juu hadi chini, kingo zimekandamizwa kwa mawe. Ukilifunua, fukuto lenye harufu ya uvundo linakupiga usoni, turubai kwa ndani linatiririka matone, na magome yameota ukungu mweupe.

Maji hayo si ya mvua. Yametoka ndani ya kuni zenyewe. Mlingoti, yaani mkaratusi, uliokatwa leo, karibu nusu ya uzito wake ni maji, na yakikosa pa kutokea yanarudi kwenye kuni.

Huku kwetu mvua huanza Novemba ikaenda hadi Mei, na kwa mwaka hupita milimita 2,000. Jua si la kutegemea, kwa hiyo tegemeo letu ni upepo. Hata hewa yenye unyevunyevu hukausha kuni mradi inapita: chini ya paa zinaweza kushuka hadi unyevu wa asilimia 20 hivi, na hapo zinawaka vizuri.

Pasua kabla ya kupanga. Maji hutoka upesi kwenye ncha zilizokatwa, lakini gome huyazuia, ndiyo maana gogo zima hukaa msimu mzima na moyo wake ukabaki mbichi. Vipande vya unene wa sentimita 10 vinatosha. Viinue kwa matofali au mawe, sentimita 15 au zaidi kutoka ardhini, ili hewa ipite na mchwa waonekane mapema. Panga safu moja moja, ncha zikiuelekea upepo. Paa la bati chakavu au mabanzi liiname kidogo na kuzidi kuni kama futi moja kila upande. Mvua ya pembeni italowesha ncha, lakini hayo ni maji ya juu juu, upepo utayaondoa.

Rangi ya nje isikudanganye. Mimi huchukua kipande, nakipima kwenye mizani, naandika uzito juu yake kwa mkaa, kisha nakirudisha katikati ya rundo. Wiki hadi wiki uzito unashuka. Ukigoma kushuka, kimekauka kadiri hewa ya hapa inavyoruhusu. Mwenye kipima unyevu apasue kipande kwanza, achome pini za kipima kwenye uso mpya.

Shule zenye majiko ya kuni nazisihi sana, maana wanaoumia macho na vifua ni mama wapishi. Kateni na kupasua mara masika yanapokwisha, mpange Juni, na msiliguse rundo hilo kabla ya Novemba. La mwaka jana ndilo mpikie sasa.