Je, wajua kwa nini herufi ya Kijapani iitwayo kanji, uliyoiacha miaka mingi, husomeka lakini haiandikiki?

Usiku mmoja, nikiwa nimeketi dakani kwetu Langoni, mjini Lamu, nilifungua daftari la Kijapani ambalo sikuligusa kwa miaka saba. Katikati ya ukurasa palikuwa na kanji 海, nami kabla sijafikiri nilikwisha kuisoma: umi, yaani bahari. Nilifurahi mno. Kisha nikalifunga daftari na kushika kalamu ili niiandike mwenyewe. Mkono ukachora matone matatu ya maji upande wa kushoto, ukasimama hapo hapo. Upande wa kulia ulikuwa umenitoka kabisa. Jicho linawezaje kuijua herufi ambayo mkono hauijui, ilhali vyote viwili ni vya mtu mmoja na vilifundishwa siku moja?

Kijapani huandikwa kwa mifumo mitatu inayochanganywa ndani ya sentensi moja. Hiragana na katakana, ambazo kila moja ina herufi 46 za msingi, huwakilisha silabi, na kwa kuwa silabi za Kijapani karibu zote huishia kwa irabu kama zetu, tena irabu tano zile zile, Mswahili huzirejea bila taabu kubwa. Kanji ni jambo jingine. Zilitoka China, kila moja hubeba maana, na nyingi zina namna mbili au zaidi za kusomwa: moja iliyosafiri pamoja na herufi kutoka China, na nyingine ya neno la asili la Kijapani. Orodha rasmi ya kanji za matumizi ya kawaida, iliyorekebishwa mwaka 2010, ina kanji 2,136, na kati ya hizo 1,026 hufundishwa katika miaka sita ya shule ya msingi. Mtoto wa Japani huzikuta dukani, barabarani na kwenye barua za nyumbani. Sisi huzikuta daftarini tu.

Kusoma kanji na kuiandika ni kazi mbili tofauti za kumbukumbu. Anayesoma amewekewa umbo lote mbele ya macho, na akili inatakiwa kulitenganisha tu na maumbo mengine inayoyajua, jambo ambalo hata alama chache huliwezesha, hasa pale maneno jirani yanaposaidia. Anayeandika hana umbo lolote mbele yake. Anayo sauti na maana, na kutokana na hivyo yampasa atoe kila mstari kwa idadi yake na mahali pake. Sisi wa Lamu tunaliona hili milangoni: mtu hupita mbele ya mlango wa nakshi tangu utoto wake, na siku ukibadilishwa atatambua mara moja, lakini mwambie auchore ule wa zamani kwa kichwa na hatavuka maua mawili matatu na mnyororo wa pembeni. Fundi aliyeuchonga ataweza, kwa kuwa yeye aliujua kwa mkono.

Wajapani wenyewe hawakusalimika. Mwaka 1978 ilitangazwa mashine ya kwanza ya kielektroniki ya kuandikia Kijapani, iliyogeuza sauti iliyopigwa kuwa kanji, na kwa miaka iliyofuata, hadi kufikia simu za leo, uandishi wa wengi umekuwa kupiga sauti ya neno kisha kuchagua kanji ifaayo kati ya zile zinazoletwa na mashine. Kuchagua huko, kwa hakika, ni kusoma. Ndiyo maana watu wazima wenye elimu, wanaosoma gazeti zima bila kusita, hukwama wakipewa karatasi na kalamu. Na mara nyingi Mjapani aliyekwama utamwona akiandika kwa kidole hewani au juu ya kiganja, akiuachia mkono utafute njia yake wenyewe, kwa maana mpangilio wa mistari, toka juu kwenda chini na toka kushoto kwenda kulia, hukaa ndani ya mwendo wa mkono.

Lipo tatizo la pili, na kwangu ndilo gumu zaidi. Waliohifadhi Qur'ani wanajua mutashabihi, zile aya zinazofanana ambazo humchukua msomaji kutoka sura moja na kumwingiza katika sura nyingine bila yeye kutambua. Kanji nazo zina mutashabihi wake. Tazama 待, kusubiri, 持, kushika, 時, wakati, 詩, shairi. Zote nne zina 寺 upande wa kulia, ambayo ikiwa peke yake ni hekalu, na kinachozitofautisha ni kile kipande chembamba cha kushoto. Miaka ikipita, kile kinachoshirikiwa na zote hubaki, kwa sababu kilirudiwa mara nyingi, na kile cha kutofautisha ndicho hutangulia kupotea.

Hata hivyo, kilichopotea hakikupotea chote. Mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha majaribio aliyojifanyia mwenyewe kwa kuhifadhi silabi zisizo na maana, kuziacha, kisha kupima ni muda gani anaokoa anapozihifadhi upya. Baada ya siku moja aliokoa takriban thuluthi moja ya kazi. Baada ya siku 31 bado aliokoa takriban moja ya tano. Usahaulifu huenda mbio mwanzoni, kisha hupunguza mwendo sana, na hata silabi ambayo hukuweza kuitamka tena huhifadhika kwa kazi ndogo kuliko mara ya kwanza.

Kwa hiyo anayerejea asianze ukurasa wa kwanza kana kwamba hakusoma kamwe, wala asijaribu kumaliza kwa siku moja ule mlima wa kadi za marudio unaomngoja katika programu ya simu. Mimi nilifuata desturi ya murajaa ya chuoni: kila siku fungu la zamani, kisha kidogo kipya. Kanji nilizozisoma bila kusita niliziacha zirudi baada ya wiki, kisha baada ya mwezi. Zile zinazofanana niliziweka ubavu kwa ubavu na kuziandika kwa mkono, daftari likiwa limefungwa. Asiyehitaji kuandika kwa kalamu anaweza kuiacha sehemu hii, kwani hata mtihani wa kimataifa wa Kijapani, unaofanywa tangu 1984, ni wa kuchagua majibu. Mimi sikutaka kuiacha.

Zilizonirudia kwanza ni 海, 魚 ya samaki, 船 ya chombo na 港 ya bandari, vitu ninavyoviona kila nitokapo kwenda gatini. Iliyokataa kukaa ni 駅, stesheni ya treni, maana Lamu hakuna treni. Kisha nikajifunza kwamba kile kipande cha kushoto, 馬, ni farasi, kwa kuwa zamani herufi hii ilikuwa ya kituo cha njiani ambapo wajumbe walibadilisha farasi waliochoka. Asubuhi iliyofuata walipita punda watatu kichochoroni, mawe ya matumbawe mgongoni, nami nikaiandika 駅 kiganjani kwa kidole, mistari yote kumi na minne.