Mwigizaji wa Jukwaani na Kwenye Filamu: Yanayosemwa na Ukweli Wake

Hapa Dodoma kijana akisema anataka kuishi kwa kuigiza, kuimba na kucheza ngoma, jibu huwa tayari: chagua kimoja, mshika mawili moja humponyoka. Lakini sanaa yetu ya maonyesho haikukua hivyo. Vikundi kama Muungano na TOT (Tanzania One Theatre) vilijaza kumbi kwa kuchanganya ngoma, sarakasi, vichekesho, maigizo na taarab katika onyesho moja, na msanii aliyemudu fani zaidi ya moja ndiye aliyetafutwa. Amri Athumani, King Majuto, alivunja watu mbavu jukwaani miaka mingi kabla televisheni haijaanza Tanzania Bara mwaka 1994. Filamu zilipokuja zilimkuta ameshaiva, na aliendelea kupendwa hadi alipofariki mwaka 2018.

“Aliyezoea jukwaa, kamera haimsumbui.” Dhana hii ndiyo inayowaponza wengi. Jukwaani unamchezea hata mtu wa safu ya mwisho: sauti inatoka tumboni, mkono unanyooshwa wote, na igizo likianza haliwezi kusimamishwa. Ukisahau neno, mwenzako anakuokoa na hadhira haijui. Mbele ya kamera iliyosogezwa usoni, nyusi ikipanda kidogo tu inatosha, na mkono ule wa jukwaani unaonekana kituko.

Halafu kwenye filamu sini, yaani vipande vya igizo, hazipigwi kwa mpangilio wa hadithi. Mazishi yanaweza kupigwa asubuhi na uchumba mchana, kwa sababu nyumba imekodiwa siku moja. Sini moja hurudiwa kwa mbali, kwa karibu, kisha kutoka upande wa mwenzako. Kama ulinyanyua kikombe cha chai kwa mkono wa kulia ukisema “sijui”, kila marudio kikombe kipande kwa mkono uleule na kwenye neno lilelile, la sivyo mhariri atashindwa kuunganisha picha. Na machozi ya mara ya tano yatoke kama ya kwanza. Ukipigia nje, upepo wetu huu wa Dodoma ukiingia kwenye maikrofoni, unaweza kujikuta studio ukiitazama midomo yako na kusema maneno yote upya. Nawaheshimu sana wanaoweza kazi zote mbili, maana wamejifunza mara mbili.

“Ngoma za asili si uigizaji.” Mwenye kusema hivi aangalie muheme. Mwanamke wa Kigogo ameibana ngoma mapajani, anapiga, anaimba na kucheza kwa wakati mmoja, huku akiwasikiliza wenzake asitoke nje ya mdundo. Pumzi hiyo na mwili huo unaotii ni mambo ambayo mwanafunzi wa sanaa za maonyesho huyasotea miaka. Hukwe Zawose, Mgogo wa hapahapa, aliyefariki mwaka 2003, aliimba, akapiga ilimba (marimba ya kupigwa kwa vidole) na zeze na kucheza mbele ya hadhira za Ulaya na Marekani, na huko alisimama na sanaa ya Ugogoni.

“Usipohamia Dar, umekwisha.” Kazi nyingi ziko Dar, hilo halina ubishi. Ila kujifunza si lazima kuanzie huko. Chuo Kikuu cha Dodoma kinafundisha sanaa za maonyesho na filamu, Chamwino kuna kituo cha sanaa na tamasha la muziki wa Kigogo, na anayetaka chuo cha fani hii pekee ipo TaSUBa, yaani Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo.

“Ukijulikana, umetajirika.” Sura inaweza kujulikana nchi nzima na mfuko ukabaki mtupu, hasa pale msanii anapolipwa mara moja tu huku filamu ikiuzwa na kurushwa tena na tena. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamtambua mwigizaji kuwa na haki katika onyesho lake. Kwa hiyo kabla ya siku ya kwanza ya kupiga picha, mkataba uandikwe: unalipwa kiasi gani, lini, filamu itaonyeshwa wapi, na ikiuzwa kwingine fungu lako ni lipi.