Saruji Haiokoi Nyumba za Mizingani

"Fundi, tia saruji tu, tumalize." Wiki hii nimeambiwa hivyo mara mbili. Mara ya mwisho ni kwa bibi mmoja mwenye nyumba nyuma ya Barabara ya Mizingani, upande wa Malindi. Ukuta wake wa chini ulipigwa lipu ya saruji masika mbili zilizopita, ukapakwa rangi nyeupe, ukapendeza. Sasa rangi imefura mpaka usawa wa kiuno. Niligonga kwa kifundo cha kidole, ukalia kama debe tupu. Nikaingiza ncha ya tindo, na kipande cha lipu ukubwa wa sinia kikaanguka kizima. Nyuma yake udongo uliolowa ukamwagika sakafuni. Bibi akaniuliza, "Mwanangu, kwani ile saruji ilikuwa mbovu?" Haikuwa mbovu. Kosa ni kuipiga kwenye ukuta ule.

Kuta zetu za Mji Mkongwe wa Zanzibar ni mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa, mchanga na udongo mwekundu, na chini ya msingi hakuna kizuizi cha maji. Unyevu unapanda kutoka ardhini kila siku, na ulikuwa ukipanda tangu nyumba zilipojengwa. Lipu ya chokaa inauacha utoke nje ukauke. Ukiuziba kwa saruji, maji hayaachi kupanda. Yanatafuta njia ya juu zaidi, na chumvi yanayoibeba inaganda ndani ya jiwe na kulimenya. Udongo ulioshika mawe unalainika. Unyevu ukifika ghorofani unakuta ncha za boriti zilizochomekwa ukutani, na boriti ya mkoko huoza kuanzia ncha, mahali usipopaona. Utasikia sakafu inadunda ukipita, utadhani ni uzee wa nyumba.

Tena saruji ni ngumu na ukuta wa mawe si mgumu. Nyumba ikisogea kidogo, na zote husogea, chokaa hufuata lakini saruji hupasuka. Mvua inaingia kwenye ufa na haina pa kutokea.

Wanaonipinga husema majumba ya chokaa huanguka, na hunitajia Beit al-Ajaib, lile jumba kubwa la masultani kwenye Barabara ya Mizingani. Ndiyo, tarehe 25 Disemba 2020 sehemu kubwa ya jumba lile iliporomoka wakati wa ukarabati na watu wawili wakafa, Mungu awarehemu. Lakini usiniambie kwamba chokaa ndiyo iliyoshindwa. Jumba lilijengwa na Sultani Sayyid Barghash mwaka 1883. Lilikuwa limesimama tarehe 27 Agosti 1896, Waingereza walipopiga mizinga na Beit al-Hukm, jumba jingine la kifalme lililokuwa jirani yake, likasambaratika. Na kabla halijaporomoka lilikwisha kutoa onyo: mwaka 2012 sehemu ya baraza ya nyuma ilianguka. Tembea hatua chache kwenye barabara hiyohiyo mpaka Dispensari ya Kale, iliyoanzishwa na tajiri Tharia Topan na kukamilika mwaka 1894. Nayo ilichakaa vibaya sana, kisha miaka ya 1990 ikakarabatiwa na taasisi ya Aga Khan inayoshughulikia utamaduni. Iangalie leo, na roshani zake za mbao. Jengo la kale linataka paa zima na mtu wa kulitazama kila mwaka.

Mengine wanayoniambia nayajibu kwa ufupi, maana yananichosha.

Kwamba UNESCO inakataza watu kutengeneza nyumba zao. Hapana. Mji Mkongwe uliingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, na hakuna nyumba iliyobadilisha mwenyewe kwa sababu hiyo. Kibali unakiomba kwa Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe, iliyokuwepo tangu mwaka 1985. Omba kabla hujavunja, usiombe baada ya kukamatwa.

Kwamba mji uliharibiwa na watu wa shamba waliohamishiwa humo baada ya Mapinduzi. Hili linaniudhi. Mpangaji aliyepewa vyumba viwili, ghorofa ya tatu, hakuwa mwenye paa wala mwenye mchirizi, na kodi ndogo iliyokusanywa haikutosha kununua hata chokaa. Wengi wao walipangusa na kupaka kwa mikono yao walichoweza kufikia.

Kwamba nyumba ikigeuzwa hoteli imepona. Inategemea. Naziona hoteli zilizoweka bafu kwenye kila chumba, vigae juu ya sakafu ya boriti, bomba likavuja ndani kwa ndani miezi sita kabla mtu hajajua. Na viyoyozi! Kila kimoja kinadondosha maji ukutani mchana na usiku. Mpira wa kuyateremsha mpaka chini ni bei ndogo sana.

Kwa bibi wa Malindi nilianza juu, siyo kwenye ule ukuta. Tulipanda darini tukakuta mchirizi umeziba kwa majani na bomba la kuteremshia maji limekatika usawa wa ghorofa ya kwanza, likimwaga pale pale ukutani. Hilo limeshatengenezwa. Saruji yote tumeibandua mpaka kwenye jiwe, na ukuta utakaa wazi mpaka masika ipite, ukauke. Chokaa yake iko shimoni inaloweka. Mimi sikubali iliyokaa chini ya miezi mitatu. Tutapiga lipu tatu nyembamba, kila moja inyunyiziwe maji na kufunikwa magunia, maana chokaa hukomaa polepole kwa kuvuta hewa ukaa, na jua kali huikausha kabla ya wakati. Mwanawe ananipigia simu kila Ijumaa kuuliza kwa nini hatujaanza. Namwambia tumeshaanza.