Go-go: fanki ya Washington iliyokataa kusimama

Mwezi Februari 2020, meya wa Washington, Muriel Bowser, alitia saini sheria inayoutambua muziki wa go-go kuwa muziki rasmi wa jiji hilo. Wengi wetu tunaijua Washington kwa Ikulu, Bunge na Benki ya Dunia. Hata wapenzi wa fanki, muziki wa dansi wa Weusi wa Marekani wenye besi na dramu nzito, waliokesha na James Brown na Kool and the Gang, ukiwatajia go-go watakuuliza ni kitu gani. Swali hilo tunakutana nalo mara kwa mara katika masomo ya historia ya muziki tunayoyatoa kwa umma, na jibu lake linaanzia ukumbini. Go-go ni fanki iliyotengenezwa kwa ajili ya watu waliosimama mbele ya jukwaa usiku ule. Kila muziki huu ulipobanwa ndani ya santuri ya dakika nne, sehemu kubwa ya uhai wake ilibaki nje.

Sensa ya mwaka 1970 ilionesha kuwa katika kila wakazi kumi wa Washington, saba walikuwa Weusi. Waliishi hatua chache kutoka kwenye kiti cha rais, lakini mpaka mwaka 1974 hawakuwa wakimchagua meya wao kwa kura katika zama hizi. Mitaa ya biashara iliyoteketea katika ghasia za Aprili 1968, baada ya kuuawa kwa Martin Luther King, ilibaki magofu kwa miaka mingi. Pamoja na hayo, bendi zilikuwa tele. Shule zilifundisha tarumbeta, tromboni na ngoma, na vijana walipomaliza masomo waliingia kwenye kumbi za shule na za makanisa, viwanja vya michezo na vilabu vidogo vya mitaani. Kundi la watu kumi au zaidi jukwaani halikumshangaza mtu.

Mmoja wa wapigaji hao alikuwa Chuck Brown. Alizaliwa mwaka 1936 katika jimbo la North Carolina, akaletwa Washington akiwa mtoto. Ujana wake ulikuwa mgumu. Alifungwa katika gereza la Lorton, na huko ndiko alikopata gitaa lake kwa kubadilishana na sigara. Alipotoka alipiga katika sherehe za majumbani, kisha katikati ya miaka ya 1960 akawa na bendi ya Los Latinos, ambako alizizoea tumba, timbale (ngoma fupi zinazopigwa kwa fimbo) na kengele. Mwaka 1966 akaunda kundi lake mwenyewe, Soul Searchers.

Katikati ya miaka ya 1970 likaja disko, nalo lilizinyang'anya bendi kazi. DJ mmoja mwenye sahani mbili alikuwa na gharama ndogo kuliko wanamuziki kumi, tena hakuacha pengo kati ya wimbo na wimbo. Bendi ilipomaliza wimbo, wachezaji walirudi kwenye viti. Chuck Brown aliona kwamba tatizo ni ule ukimya, akaufuta. Wimbo ukiisha, magitaa na tarumbeta hunyamaza, lakini dramu, tumba na kengele huendelea kupiga. Yeye huongea na watu, hutaniana nao na kuwaimbisha, na wakati huohuo bendi hujipanga kwa wimbo unaofuata bila mtu yeyote kuondoka sakafuni.

Mdundo wenyewe aliutoa pande mbili. Upande mmoja ni kanisani, ambako alisema aliusikia utotoni. Upande wa pili ni wimbo "Mister Magic" wa mpiga saksafoni Grover Washington Jr., uliotoka mwaka 1975. Aliupunguza mwendo ukawa wa taratibu kuliko disko, ukawa na bembea: dramu inagonga kwa uzito, halafu inavuta kidogo kama inayotaka kuchelewa, na tumba zinaijaza nafasi inayobaki. Wapigaji wa Washington wanaiita hali hiyo "pocket", na bendi isiyoweza kukaa humo haivumiliwi hata dakika tano. Mpiga dramu aliyeukamilisha mdundo huo katika bendi ya Chuck Brown ni Ricky Wellman. Mwaka 1987 Miles Davis mwenyewe, gwiji wa tarumbeta ya jazi, alimchukua akapige katika kundi lake. Miles Davis hakuwa mtu wa kuchukua mpiga dramu kwa kumwonea huruma.

Aliyecheza muziki wa dansi Dar es Salaam atalielewa jambo hili haraka. Katika dansi, mashairi hutangulia, halafu wimbo unageuka, tumba zinapanda, na watu wanaingia kwenye chemko. Katika go-go ni kama usiku mzima ni chemko, na nyimbo ndizo zinazoingia na kutoka. Onesho linaweza kwenda saa mbili au zaidi huku wapiga ngoma wakipumzika kwa nadra. Juu ya mdundo huohuo Chuck Brown aliweza kupitisha wimbo wa jazi wa miaka ya 1940, kisha kibwagizo cha katuni ya watoto, kisha wimbo wake mwenyewe, na hakuna aliyeona ajabu.

Kiongozi wa jukwaa ana kazi kubwa ya kuita. Huwataja waliohudhuria kwa majina, huwapongeza wenye siku ya kuzaliwa, huuliza nani katoka mtaa gani, na kila kundi hupaza sauti mtaa wake unapotajwa. Watu huandika majina yao kwenye vikaratasi, huvipitisha mbele, na wengine huinua mabango. Kwangu mimi hapa ndipo penye kiini cha muziki huu. Kijana wa mtaa wa kimaskini, ambaye gazeti la jiji lake halikuwahi kumtaja ila kwa habari za uhalifu, anasikia jina lake likitoka kwenye spika kubwa mbele ya watu elfu. Ukiondoa hilo ukabakiza mdundo peke yake, umebakiwa na fanki nzuri, lakini si go-go kamili.

Mwanzoni mwa 1979 wimbo "Bustin' Loose" wa Chuck Brown na Soul Searchers ulikaa wiki nne kileleni mwa chati ya Marekani ya muziki wa Weusi. Nyuma yake kizazi cha vijana kilikwishaanza kupiga. Rare Essence ilianzishwa na wanafunzi wa shule ya Kikatoliki kusini mashariki mwa jiji. Trouble Funk walikuwa na besi nzito na sauti za sinthesaiza. Experience Unlimited, wanaojulikana zaidi kwa kifupi E.U., walichanganya fanki na gitaa la roki. Junk Yard Band walikuwa watoto wa makazi ya serikali ya Barry Farm. Hawakuwa na fedha ya vyombo, wakapiga ndoo za plastiki, makopo na vyuma vilivyotupwa, wakivipigia watalii pembeni mwa barabara mpaka wakapata vyombo halisi. Mdundo wa go-go ulikuwa tayari umo vichwani mwao, kwa hiyo ndoo ilitosha.

Muziki huu ulisambaa kwa kanda. Fundi mitambo alirekodi onesho moja kwa moja kutoka kwenye meza ya sauti, na baada ya muda mfupi kanda hiyo ilikuwa ikiuzwa madukani na kusikika kwenye magari. Watu walizikusanya kwa tarehe na ukumbi, wakabishana Rare Essence ya usiku gani ilikuwa bora. Kwa mtafiti, kanda hizi ni hazina na ni mtihani pia. Historia kubwa ya go-go haimo kwenye santuri za kampuni, imo kwenye kaseti zilizohifadhiwa chini ya vitanda vya watu, na utepe wa kaseti hauishi milele. Sisi tunaojua ni miziki mingapi ya kwetu ilipotea kwa namna hiyohiyo hatuna haki ya kulitazama jambo hili kwa mbali.

Kampuni kubwa zilijaribu. Katikati ya miaka ya 1980 Chris Blackwell wa Island Records, aliyekuwa ameupeleka muziki wa Bob Marley duniani, alifika Washington na kufanya kazi na Max Kidd, mfanyabiashara aliyekuwa akitoa santuri za go-go kwa lebo yake ya T.T.E.D. Filamu iliyokusudiwa kuutangaza muziki huo ilitoka mwaka 1986 na haikufua dafu. Mwaka 1988 E.U. walifika namba moja kwenye chati ya muziki wa Weusi kwa "Da Butt", wimbo uliotungwa na Marcus Miller kwa ajili ya filamu ya Spike Lee. Baada ya hapo milango ikafungwa tena. Wapo wanaoliita hilo kushindwa. Mimi sikubali. Bendi iliyoweza kupata riziki kwa kujaza kumbi za jiji lake, miaka nenda miaka rudi, haikuhitaji kibali cha kampuni za Los Angeles ili ihesabike.

Hata hivyo vipande vya go-go vilisafiri bila jina lake. Dramu za "Ashley's Roachclip", wimbo wa Soul Searchers wa mwaka 1974, zilikatwa na kutumiwa na wana hip hop Eric B. na Rakim, kisha na kundi la pop la Milli Vanilli, na wengine wengi. Hazikuwa go-go bado, lakini mikono ni ya bendi ileile. Mdundo wenyewe wa go-go umo katika "Slave to the Rhythm" ya Grace Jones ya mwaka 1985. Mwaka 2002 mwanarap Nelly aliazima kutoka "Bustin' Loose" kwa wimbo uliopigwa mpaka kwenye daladala zetu. Rich Harrison, mtayarishaji aliyekulia katika eneo la Washington, aliyajaza mapigo ya aina hiyo katika "1 Thing" ya Amerie mwaka 2005. Bila shaka wasomaji wengi wamekwisha kuucheza mdundo huu bila kujua ulikotoka.

Mwisho wa miaka ya 1980 dawa za kulevya aina ya crack ziliivamia Washington, na mwaka 1991 jiji hilo dogo lilipoteza zaidi ya watu 470 kwa mauaji. Kuitana kwa mitaa, kulikokuwa fahari, kuliweza kuwasha ugomvi kati ya makundi. Baadhi ya maonesho yaliishia kwa risasi. Quentin Davidson wa Rare Essence, aliyejulikana kama Footz na aliyekuwa miongoni mwa wapiga dramu wakubwa wa go-go, aliuawa mwaka 1994. Wakuu wa jiji waliubebesha muziki lawama iliyopaswa kugawanywa kwa wengi. Kumbi zilifungwa, vibali vikawa vigumu, na polisi wakawa na orodha yao ya ndani ya maonesho ya go-go yanayokuja. Bendi nyingi zikahamia ng'ambo ya mpaka wa jiji, katika Prince George's County, Maryland.

Muziki wenyewe nao ulibadilika. Tarumbeta na tromboni zilipungua jukwaani, vinanda na ngoma vikachukua nafasi zao. Backyard Band, chini ya Anwan Glover, iliingiza ukali wa hip hop. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 bendi ya TCB ilikuwa mbele katika kuleta "bounce beat": timbale na rototomu (ngoma zisizo na pipa) zinatawala, mapigo ni makali zaidi, na wazee wengi waliukataa mtindo huo kama wazee wa kila mahali wanavyokataa. Upande mwingine zikainuka bendi za watu wazima zinazopiga nyimbo za mapenzi za R&B kwa mdundo wa go-go, na Be'la Dona, bendi ya wanawake, ikaonesha kwamba tumba na dramu hazina jinsia.

Chuck Brown alifariki dunia Mei 2012. Mwili wake uliagwa na maelfu ya watu, na ibada ya mazishi ilifanyika katika ukumbi mkubwa wa mikutano wa jiji. Wakati huo Weusi walikuwa wamekwisha kushuka chini ya nusu ya wakazi. Kodi za nyumba zilikuwa zimepanda, maghorofa mapya yamejengwa, na familia za zamani zimehama.

Aprili 2019 jambo hilo likalipuka. Katika mtaa wa Shaw, jirani na Chuo Kikuu cha Howard, duka moja la simu lilikuwa limepiga go-go kwa spika za nje tangu miaka ya 1990. Malalamiko ya kelele, yaliyohusishwa na mkazi wa jengo jipya, yalifanya spika zizimwe. Watu wakatoka. Bendi zilipiga barabarani, makumi ya maelfu walisaini ombi, kaulimbiu ya Don't Mute DC, yaani "Msiinyamazishe Washington", ikaenea, na baada ya siku chache tu muziki ukarudi dukani. Watu walijua wanachotetea si spika mbili. Walikuwa wakiuliza kama mtu anayehamia leo anaweza kuwaamuru waliokuwapo nusu karne wanyamaze. Sheria ya 2020 ilizaliwa humo, na mbali ya kutoa heshima inaitaka serikali ya jiji iwe na mpango wa kuusaidia muziki huu, kuuhifadhi na kutunza kumbukumbu zake. Mwaka huohuo, katika maandamano baada ya George Floyd, Mmarekani Mweusi, kuuawa na polisi, malori yaliyobeba bendi za go-go yalipiga karibu na uzio wa Ikulu.

Anayetaka kuanza kuusikiliza asianze na santuri fupi zilizotengenezewa redio. Atafute rekodi za ukumbini: Trouble Funk, "Straight Up Funk Go Go Style" ya mwaka 1981, au Chuck Brown, "Any Other Way to Go?" ya mwaka 1987. Asikilize hasa pale waimbaji na magitaa wanapokaa kando. Aifuate tumba peke yake kwanza, kisha kengele, kisha aone jinsi dramu inavyovuta nyuma kidogo, na jinsi watu wanavyojibu kabla hata hawajaulizwa.