Kutafuta makundi kwenye mtandao wakati kuna kitu unakijua tayari

Chukua wachuuzi wa dagaa wa mwalo wa Kibirizi hapa Kigoma, chora nani anamtumia nani hela kwa simu, utapata mtandao wa nukta (watu) na mistari (hela zinazotumwa) basi, hakuna palipoandikwa jina la kundi. Algorithimu za kawaida, yaani kanuni za hatua kwa hatua za kompyuta, kama ile inayoitwa Louvain ya 2008, zinatafuta sehemu ambazo mistari imesongamana kuliko ambavyo ingetokea kwa bahati tu. Shida yake zinameza makundi madogo, kipimo zinachotumia kilishaonyeshwa kina kasoro hiyo tangu 2007, afu hazijui kwamba we mwenyewe mwalo unaujua: yule mama mzigo wake unapanda treni ya Tabora, yule jamaa anavusha Kongo.

Sa hicho kidogo unachokijua ndo tunakiingiza. Njia nyepesi ni kusambaza lebo, yaani wale unaowajua unawabandika lebo ya kundi lao na kuzifunga zisibadilike, wengine kila mzunguko wanachukua lebo iliyo nyingi kwa majirani zao mpaka mambo yatulie. Au hutaji kundi kabisa, unasema tu hawa wawili lazima wakae pamoja, wale wawili wasikae pamoja hata iweje. Mi hii naipenda zaidi, maana mchuuzi ukimuuliza yeye ni wa kundi gani anakushangaa, muulize gunia zake zinasafiri na za nani, anakujibu hapohapo.

Ila angalia unambandika nani. Wakala wa hela ana mistari na kila mtu, mpe lebo ya Tabora uone, mizunguko michache tu nusu ya mwalo imehamia Tabora! Huyo muache wazi. Lebo inalipa kwa mtu aliye katikati ya makundi mawili ambaye majirani zake wamegawanyika nusu kwa nusu.

Kuna ile klabu ya karate ya chuo kimoja Marekani, Wayne Zachary aliandika habari zake 1977, wanachama 34, ikapasuka, wengine kwa mwalimu wengine kwa rais wa klabu. Modeli yake, yaani hesabu ya kukisia nani ataenda upande gani kwa kuangalia mistari ya urafiki wao, ilipatia wote kasoro mmoja, namba 9, huyu alikuwa upande wa rais ila kabakiza wiki tatu afanye mtihani wa mkanda mweusi, akaona bora amfuate mwalimu. Mistari ingekwambiaje hiyo? Ndo maana lebo niliyopewa na mwenyewe naifunga kabisa, ya kusikia kijiweni naipa uzito kidogo tu, majirani wakiikataa wote, inang'oka.