"Yuko ndani" ni ndani ya wapi?

Simu iliita alfajiri, sijanywa hata chai. Mama mmoja mchuuzi wa dagaa pale mwaloni Kirumba, Mwanza, sauti imekauka kwa kulia: "Wakili mwanangu, wamemfunga."

"Nani kamfunga, mayu?"

"Polisi."

Hapo nikajua kijana hajafungwa. Polisi hawafungi mtu. Shida ni kwamba mama alikuwa ameshafika Butimba jana yake na hotipoti ya ugali na sato, akapanga foleni pale gerezani, akaambiwa jina halimo kwenye orodha. Kwa mama aliyeambiwa mwanawe "amefungwa", jina kutokuwemo gerezani lina maana moja tu. Usiku mzima alilia msiba usiokuwepo. Kijana mwenyewe alikuwa kituo cha polisi, kakamatwa na doria ya ziwani akiwa na kokoro, wavu uliopigwa marufuku.

Mtaani tunalo neno moja la kumaliza yote: ndani. Yuko ndani, kawekwa ndani, kalala ndani. Wengine husema lupango, na magazeti yanapenda "asekwa". Kijiweni linatosha. Ila kwa anayetafuta mlango wa kugonga halimsaidii, ndiyo maana mteja akiniambia fulani yuko ndani huwa namuuliza kwanza: ufunguo anao nani?

Kukamatwa ni tendo, si mahali. Askari akikugusa au kukuzuia mwili, au ukijisalimisha kwa neno tu, umeshakamatwa, hata kama mmesimama kwenye kijiwe cha bodaboda na selo iko kilomita tano mbele. Tangu hapo uko chini ya ulinzi na una haki ya kuambiwa sababu. Saa nayo imeanza kuhesabu. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya 1985 inawapa polisi saa 4 za msingi za kukuhoji, na muda huo unaweza kuongezwa kwa utaratibu wake. Sisi mawakili tunaing'ang'ania saa hiyo, kwa sababu maelezo ya onyo, yaani yale anayoandikisha mtuhumiwa polisi baada ya kuonywa, yakichukuliwa nje ya muda yanaweza kukataliwa mahakamani. Nimewahi kuona kesi nzito ikilegea kwa sababu tu muda ulioandikwa juu ya karatasi haukulingana na ule wa kitabu cha kituo.

Halafu kuna kushikiliwa, neno la taarifa za polisi kwa waandishi: "tunamshikilia kwa mahojiano." Anayeshikiliwa ni mtuhumiwa, bado hajawa mshtakiwa. Analala kituoni, na ufunguo anao mkuu wa kituo. Anatakiwa afikishwe mahakamani mapema, ndani ya saa 24 inapowezekana, na kwa makosa mengi anaweza kutoka kwa dhamana ya polisi. Dhamana hiyo hailipiwi. Ukiombwa "ya soda", hiyo si dhamana.

Mahabusu ndilo neno linalochanganya kuliko yote, kwa kuwa linabeba mtu na mahali kwa pamoja. "Mahabusu wameshushwa kwenye karandinga" ni watu. "Amelala mahabusu" ni chumba. Asili yake ni Kiarabu, aliyezuiliwa, kwa hiyo mtu ndiye aliyetangulia na chumba kikarithi jina. Ukiambiwa "yuko mahabusu", uliza: ya polisi au ya gereza?

Maana ikiwa ya gereza, hiyo ndiyo rumande, na ufunguo umehama. Mkuu wa kituo hawezi tena kumtoa, hata akitaka. Ameingia kwa hati ya hakimu, atatoka kwa amri ya mahakama. Yuko Butimba nyuma ya kuta zilezile na wafungwa, lakini yeye amevaa nguo zake na wenzake wamevaa sare ya rangi ya machungwa. Kesi yake inatajwa kila baada ya siku 14. Kutajwa si kusikilizwa; ndugu wengi hufunga safari kutoka Ukerewe kwa boti kuja kusikia "upelelezi haujakamilika" na kurudi na boti ya jioni. Kwa mauaji, uhaini, unyang'anyi wa kutumia silaha na mengine machache, dhamana haipo kabisa, na hapo mtu anaweza kukaa rumande miaka akiwa bado, kwa mujibu wa Katiba, si mkosaji.

Kufungwa kunahitaji hukumu. Basi. Anayefungwa ni aliyetiwa hatiani, na hapo ndipo mtaa unasema kala mvua tatu, yaani miaka mitatu. Kwa kawaida akitumikia vizuri anasamehewa theluthi, kwa hiyo mvua tatu huwa mbili. Mtoto hafungwi kabisa. Sheria ya Mtoto ya 2009 imekataza, na akitiwa hatiani anaweza kupelekwa shule ya maadilisho.

Ibara ya 15 ya Katiba imeweka kufungwa na kufungiwa kando kando, na mimi naupenda sana umakini huo. Mwenye nyumba anayemfungia mpangaji stoo kwa sababu ya kodi hajamfunga, amemfungia, na hilo ni kosa la jinai kwake yeye.

Ibara hiyohiyo inataja pia kuwekwa kizuizini. Hapa hakuna shtaka wala hukumu. Sheria ya mwaka 1962 ilimpa Rais mamlaka ya kumweka mtu kizuizini kwa ajili ya usalama wa nchi, na wazee waliokuwa kwenye siasa za miaka ile hulitamka neno hili kwa sauti ya chini hadi leo. Msilichanganye na zile saa 48 ambazo mkuu wa wilaya au wa mkoa anaweza kuamuru mtu ashikiliwe. Hizo ni za Sheria ya Tawala za Mikoa ya 1997, zina masharti yake, na zikiisha bila mtu kufikishwa kwa hakimu lazima aachiwe, wala asikamatwe tena kwa sababu ileile. Hazikuwekwa za kumtia adabu mtu aliyejibu vibaya kikaoni.

Kijana wa Kirumba alitoka jioni ileile, mjomba wake akiwa mdhamini, na barua ya mtendaji wa mtaa mkononi. Tukiwa tunaondoka mama akageuka akaliangalia kokoro lililorundikwa pembeni ya kaunta.

"Na lenyewe limefungwa?"

"Hapana, mayu. Hilo linashikiliwa tu, ni kielelezo."

"Kwa hiyo nalo linaweza kupata dhamana?"

Askari wa zamu alicheka kabla yangu.